Siku Niliyomwogesha Mke Mwenza wa Mama

Kiseke,
Alhamisi, mvua imekatika sasa hivi

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia tena, najua, lakini salamu nimeitoa kwa sauti hapa barazani, na Mama, aliyekuwa anachambua mchele, ameitikia kwa niaba yako bila hata kuinua kichwa. Siku hizi anakuitikia mambo mengi. Juzi alikuja mtu anamtafuta Bwana Mifugo, ndama wake anaharisha. Mama akamkalisha, akamweleza la kufanya tangu mwanzo hadi mwisho, ndipo akamwambia kwamba Bwana Mifugo mwenyewe hayupo tena. Yule mtu alishukuru kwanza, akalia baadaye.

Nyumba ipo, kuku wapo, redio yako bado inashika kituo kimoja tu. Kofia yako iko kwenye msumari wake. Mama huipangusa vumbi akairudisha palepale. Kuna asubuhi nasikia mtu anakohoa nje nikadhani ni wewe, kumbe ni jirani anahangaika na pikipiki yake, basi nabaki nimekaa kitandani na kiatu kimoja mkononi. Hilo nakwambia mara moja tu halafu tuliache, maana barua hii nataka iwe ya furaha.

Nina habari mbili kubwa. Ya kwanza, Milembe amejifungua mtoto wa kiume. Tumbo uliliacha dogo, ukamtania mdogo wangu kwamba ni viazi tu alivyokula. Basi hivyo viazi vina masikio yako, yale yaliyosimama mbali na kichwa kana kwamba yanataka kusikia habari za nyumba ya tatu.

Ya pili, daraja limefunguliwa. Ndiyo, Baba, lile lile uliloliona likiota nguzo moja moja kila ulipokaa foleni ya kivuko cha Busisi, ukawa unatuapia kwamba likifunguliwa utalipita polepole makusudi ili uwakere walio nyuma yako. Watu sasa wanapita kama mchezo. Wengine wanasimamishwa na askari kwa sababu ya kupiga picha. Sisi peke yetu, nyumba nzima, hakuna aliyelikanyaga. Siku lilipofunguliwa, jirani alimwita Mama wakaonje, gari lilikuwa na nafasi. Mama akamjibu kwa kukutaja jina: "Mabula hajavuka, mimi nivuke niende wapi?" Tangu hapo hakuna aliyemgusia tena.

Sasa hizo habari mbili ndizo zilizozaa safari ninayotaka kukusimulia. Ungekuwepo ungecheka mpaka ufute macho kwa kofia, na mimi naona si haki kicheko kile tukimalize peke yetu.

Unajua desturi ya ukoo wetu. Jina la marehemu haliokotwi njiani. Huletwa na mjane wake mwenyewe, akamnong'oneza mtoto sikioni kabla mtu mwingine yeyote hajamwita hivyo. Kwa hiyo mtoto wa Milembe alikuwa anakua hana jina. Kule kijijini kwa mume wake walikuwa wanamwita Mgeni, na Milembe aliniambia kwenye simu kwamba ameanza kuitika. Padre wa kule ana vigango vingi kuliko pikipiki yake inavyoweza kubeba. Akishapita Jumapili hii, kurudi kwake ni mpaka Mungu apende. Basi jambo lilikuwa hivi: ama Mama afike kabla padre hajavaa helmeti, ama mjukuu wako aendelee kuwa Mgeni mpaka hapo watakapoonana tena.

Na Mama, tangu tukuzike, alikuwa hajafika mbali zaidi ya kanisani na sokoni. Kwenye gari lako ndiyo kabisa, hata kuliegemea hakuwahi. Lilisimama pale pale ulipoliacha, pua inaangalia mteremko. Watu walitushauri tuliuze. Mama alinyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwa Mama si kukubali.

Nakumbuka siku ulipolileta. Hukumwambia mtu. Ulirudi kutoka kazini unapiga honi tangu kule barabarani, ukaliegesha mbele ya jiko, ukashuka unatabasamu. Mama akatoka na mwiko mkononi, akalizunguka taratibu, akasema: "Mabula, umeniletea mke mwenza bila hata kunishauri." Jina likakaa. Ukichelewa kurudi, alikuwa anauliza mke mwenzake kakulaza wapi. Ukilinunulia kitu, anauliza na yeye wa ndoa atapata nini. Ukawa unamnunulia kitenge kila ulipolinunulia tairi, na kwa kuwa tairi ulinunua kwa nadra sana, Mama alikuwa na vitenge vichache.

Maana hujawahi kujiandaa kwa safari hata moja, Baba, acha nikuseme leo huna pa kukimbilia. Tairi lako la akiba lilikuwa na pancha. Tuligundua tukiwa njia ya Magu, mvua inanyesha, ukalitoa kwa mbwembwe, ukaliangalia, ukasema: "Kumbe na hili nalo linaumwa." Mshale wa mafuta ulikwama kwenye nusu nikiwa darasa la nne, ukasema ni bahati, watu wengine mshale wao hushuka. Betri ilikuwa ya mapambo, ndiyo maana ulikuwa huegeshi mahali tambarare. Na ile safari ya Bujora! Ulituvalisha, ukatupakia mimi na Milembe, ukatuahidi ngoma ambayo hatujapata kuiona. Tulifika uwanja ni mtupu, mbuzi wamelala. Ngoma ilikuwa imepigwa jana yake. Mimi nililia. Wewe ukaenda kuomba maji ya rejeta kwenye nyumba ya karibu, na kabla jua halijasogea tulikuwa tumekaa kwenye mkeka wa watu tusiowajua, tunakula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa karanga, na yule bibi mwenye nyumba anatuchezea ngoma yote ya jana peke yake, na nyimbo anaimba mwenyewe. Tulipoondoka ulisema, "Mnaona? Tungewahi, tungekaa nyuma ya watu."

"Safari ni watu," ndiyo ilikuwa kauli yako. Mama alikuwa anajibu: "Na mafuta."

Mimi nimetoka kwa Mama. Kazi yangu ya kutunza stoo imenizidishia tabia hiyo; mtu akichukua boksi la misumari bila kusema, usingizi sipati. Kwa hiyo Milembe alipopiga simu nilijiambia, safari hii haitakuwa ya Mabula. Nilinunua betri mpya. Nilinunua tairi la akiba zima, jeki, spana ya magurudumu, kamba ya kuvutia, pembetatu nyekundu mbili, mtungi wa kuzimia moto na kisanduku cha huduma ya kwanza chenye mkasi mdogo. Nilimwita fundi akakaza kila kinachokazwa. Tangi nikalijaza mpaka mdomoni, maana mshale wako siuamini. Na kwa kuwa tunakwenda kanisani, nikalipeleka mahali pa kuoshea magari, nikawaambia wale jamaa wasiniachie hata punje ya vumbi. Waoshe juu, waoshe ndani, waingize mpira wa maji kwa nguvu mpaka chini kabisa. Chini pekee walitumia muda mrefu. Walitoa tope ambalo naamini lingine lilikuwa la kabla sijazaliwa.

Jumapili alfajiri Mama alitoka amevaa kile kitenge cha bluu cha tairi la mwisho. Alisimama mbele ya gari. Linang'aa, sikutanii, mpaka mashavu yake yakaonekana kwenye mlango. Akasema, "Umempamba," basi, akapanda. Kiti cha mbele, pale pale pake. Mimi nikajifanya natafuta ufunguo ili asiniangalie usoni.

Tulipita Kamanga, daraja hakuna aliyelitaja, na kule wamekukumbuka. Tulipoingia kwenye kivuko, wale vijana wa kupanga magari walilitambua kabla hata hatujasimama, wakaanza kukunja mikono ya mashati, wamezoea kwamba tukifika ng'ambo ni kusukuma. Tulipofika nikazungusha ufunguo, likawaka mara moja. Wakabaki wamesimama. Mmoja akasema kwa masikitiko kabisa, "Kumbe limepona," kana kwamba tumewanyima kitu. Mama aliangalia ziwa tu. Nilikuwa najisikia mkubwa, Baba. Nilikuwa nimekushinda.

Huo ushindi ulinidumu mpaka matuta ya kijiji cha tatu au cha nne.

Mama ndiye aliyeanza. "Nasikia harufu." Nikamwambia ni dawa waliyopulizia ndani kule tulikoosha. Tukaenda. "Minza, hiyo dawa yako inanuka petroli." Nikamwambia tangi limejaa sana, linapumua. Tulipanda kilima kimoja, tukakishuka, na tulipoanza kingine gari likakohoa kile kikohozi ninachokijua tangu utotoni, likasimama. Mshale ukasema nusu.

Nikashuka na heshima zangu zote. Nikaweka pembetatu mbele na nyuma. Nikatoa jeki, nikatoa spana, nikafungua kisanduku cha huduma ya kwanza, nikavipanga vyote kwenye majani kama mtu anayefungua duka. Kisha nikachungulia chini nikaona tone linadondoka kutoka kwenye tangi, halafu lingine, na kule tulikotoka barabara ina mstari mwembamba uliokuwa unakauka. Tangi langu lote lililojaa tulikuwa tumelimwaga tangu Kamanga. Nilikuwa na kila kitu, Baba, na hakuna hata kimoja cha kuzibia tangi. Simu ya Milembe ikaita. Misa imeshaanza. Nilikaa chini kwenye nyasi na gauni langu la kanisani, nikasema kwa sauti kwamba mtoto atabaki Mgeni na kosa ni langu.

Ndipo akaja mzee mmoja anasukuma baiskeli, nyuma amefunga mzigo wa mihogo. Baadaye nilimjua kwa jina, Mzee Shija. Aliliona gari, akatabasamu kabla hajafika. Hakuuliza tumepatwa na nini. Alisema: "Eee, Bwana Mifugo kakwama tena! Yuko wapi, kaenda kutafuta maji?"

Unajua, pale mjini kila mtu alikuwepo msibani, neno lenyewe hatujawahi kulazimika kulitamka. Nilimgeukia Mama. Alikuwa bado kwenye kiti chake, mlango wazi, mikono mapajani. Akamwangalia yule mzee vizuri, akasema: "Safari hii kaenda mbali, baba. Tumemzika." Ndiyo mara ya kwanza nimsikie akilitamka bila kujifunika kanga.

Mzee Shija aliegemeza baiskeli kwenye gari. Akavua kofia. Akaeleza kwamba palepale, karibu na kile kichuguu, uliwahi kukwama siku nzima kwa kukosa mafuta, na kwa kuwa huna la kufanya ukamtembelea nyumbani, ukamkuta ng'ombe wake anashindwa kuzaa. "Ndama yule sasa ana wajukuu," akasema. Na Mama, badala ya kulia, alitikisa kichwa: "Kumbe siku ile! Aliniambia alikuwa kwenye semina." Wakaangaliana wale wazee wawili, nikaona mabega ya Mama yanaanza kutikisika. Niliogopa. Nilidhani ni kilio. Kumbe anacheka, Baba. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama akicheka hatoi sauti.

Akashuka. Akainama kidogo, akanusa, akaniuliza taratibu, kwa ile sauti ya kuniuliza nani kamaliza sukari: "Minza, ulipompeleka kuoga, walimwosha wapi?"

Nikamwambia kila mahali.

"Na chini?"

Nikamwambia hasa chini.

Basi hapo alishika mlango ili asianguke. "Mwanangu, umemwogesha mke mwenzangu mpaka umemtoa dawa!"

Kumbe tangi lilikuwa na ufa tangu siku nyingi, na kilichokuwa kinauziba ni sabuni. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, imekandwa na kusindiliwa mle ikakaa na vumbi la miaka mpaka ikawa kama sehemu ya gari. Wale jamaa wangu wa mpira wa maji waliilainisha, na matuta yakamalizia kazi. Mama alisema hayo kama mtu anayetaja viungo vya mchuzi. Akamuuliza Mzee Shija kama kuna duka karibu. Mzee akapanda baiskeli na mihogo yake yote, akarudi na mche wa sabuni na petroli ya bodaboda kwenye chupa za maji, na nyuma yake watu wengine watatu waliokuja kutoa pole.

Mimi nikasema nipe, nitaingia. Mama akanisogeza kwa kiwiko. Alivua kitenge cha juu akabaki na gauni, akatandika kanga kwenye majani, akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akaingia chini ya gari mpaka nikawa namwona miguu tu. Nilisikia anakanda sabuni. Nilisikia anaongea na gari, sikuyapata maneno yote, ila nilisikia "tulia, wewe."

Alipotoka, nywele zina majani, nikamuuliza nani alimfundisha. Akanijibu huku anajifuta: "Baba yako mgongo ulikataa kuinama zamani. Alikuwa ananiambia tangi linashikiliwa na Mungu. Mungu alikuwa ananituma mimi." Kisha akaniambia mengine. Kwamba kila ulipokuwa na safari, wewe ukiwa bado unapiga mswaki na kuimba, yeye alikwishatoka nje, amelala chini anagusa sabuni. Kwamba mafuta alikuwa anayajua kwa kulitikisa gari kwa nyonga na kusikiliza. Mimi nilimwona akilisukuma kwa nyonga miaka yote nikadhani ni wivu.

Baba, ulikuwa unalijua hilo au hulijui? Nimelifikiria sana. Nadhani ulilijua. Nadhani ndiyo maana ulikuwa unaimba.

Akalitikisa kwa nyonga palepale mbele ya watu, akasikiliza, akasema yatatufikisha. Tukafika.

Sasa usikie ya kule. Misa ilikuwa imekwisha zamani, lakini hakuna mtu aliyetoka. Katekista, baada ya Milembe kumnong'oneza kwamba tumekwama, alisimama kusoma matangazo. Akasoma ya wiki hii. Akasoma ya wiki iliyopita. Akatangaza ng'ombe aliyepotea, akaeleza rangi yake, akaeleza na mama yake huyo ng'ombe. Kwaya ikaimba, ikarudia. Padre alikuwa na helmeti mapajani, anaangalia saa, na kila akiinuka katekista anasema "na la mwisho." Tuliposimama nje, pembetatu zangu zikigongana huko nyuma, kanisa zima liligeuka, na katekista akafunga daftari lake katikati ya sentensi.

Mama alimpokea mtoto hivyo hivyo, kanga ina majani, mikono ina petroli. Akamsogelea sikioni. Sikusikia alivyolitaja jina, ni lao wawili. Niliona tu masikio yako yale, na mdomo wa Mama pale, na mtoto akapiga chafya kubwa. Padre alipomchukua alikunja pua, akasema huyu mtoto ananukia petroli. Mama akamjibu, "Basi hatujakosea jina, Padre." Watu walicheka ndani ya kanisa, na padre naye, na maji ya ubatizo yakamwagika mengine kwenye viatu vyake.

Nililia hapo. Acha nilie, nilikuwa na furaha na nilikukosa, vyote viwili kwa pamoja, na sikutaka kimoja kiondoke.

Tulikula kwa mume wa Milembe. Ugali wa kutosha Wasukuma, sato, kuku, na mihogo ya Mzee Shija, aliyotuwekea nyuma ya gari bila kusema. Tulilala. Asubuhi Milembe akafunga mizigo, anakuja kukaa kwetu Kiseke mpaka mtoto akaze shingo, ndivyo Mama alivyotaka. Mama akaingia chini ya gari, akagusa sabuni, akatoka, akalitikisa, akapanda mbele, akamchukua mtoto mapajani. Nikawasha. Tulipofika njia panda nilianza kukata kona ya kurudi Kamanga kama tulivyokuja.

Mama akagusa usukani kwa kidole. "Twende na Busisi," akasema.

Nikageuza usukani. Milembe kule nyuma alinikanyagia kiti. Tulipoliona daraja, Baba, sijui nikwambieje, wewe uliziona nguzo tu. Ziwa liko chini huko, mitumbwi midogo, na barabara inaingia juu ya maji kana kwamba ziwa halikuwahi kuwa kikwazo kwa mtu. Pale chini nikaona gati letu la zamani, pale tulipokuwa tunakaa foleni na wewe unanunua mahindi ya kuchoma na kujuana na watu. Nikafika mwanzo wa daraja nikapunguza mwendo. Mama akamwinua mtoto, akamgeuzia dirishani akiwa amemshika kwapani, akamwambia: "Haya, Mabula. Tuvuke."

Nilienda polepole makusudi. Walio nyuma walipiga honi. Waliendelea kupiga honi daraja zima, na Mama hakugeuka, alikuwa anamwonesha mtoto maji, upande huu, halafu upande ule. Tulipomaliza akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kavuka," akalaza kichwa kwenye kiti akasinzia mpaka Usagara. Umevuka, Baba. Na uliwakera, kama ulivyoapa.

Sasa hivi mke mwenza kaegeshwa pua ikiangalia mteremko, japo betri ni mpya. Mama anasema asiharibiwe tabia. Jana nilimsikia akimwambia, "Tumebaki wawili, mwenzangu, tutunzane." Anayetaka kulinunua tumemwambia asirudi. Mtoto amelala kwenye beseni la nguo hapa karibu na mguu wangu, kofia yako imeshushwa kwenye msumari ili imzuie mwanga, na mche wa sabuni uko kwenye kile kisanduku cha huduma ya kwanza, nimetoa mkasi ili upate nafasi.

Pumzika, Baba. Wabeja, asante kwa safari zote, hasa zile tulizochelewa. Nakuahidi Mama sitamwacha akose kitenge, tairi likinunuliwa au lisinunuliwe. Nakuahidi mtoto nitampeleka Bujora, na siku ya ngoma sitaiulizia kwanza. Na gari nitaliosha kila Jumamosi, juu tu. Chini siligusi.

Mwanao,
Minza